Watoto wa Chuoni na Matumaini ya Mji

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa Mombasa walikuwa na jambo lililowakosesha raha kwa muda mrefu, nalo ni kwamba mji wao, wenye misikiti ya kale na wanazuoni wa kutajika, na watoto ambao akili zao hazikupungua chochote mbele ya akili za watoto wa mahali pengine, ulikuwa ukitoa wanafunzi wachache mno waliofika mbali katika elimu ya shule. Katika kulizungusha shauri hilo wakaona kwamba upungufu ulianza mapema kuliko ilivyodhaniwa, kabla ya mtihani wowote mkubwa, asubuhi ile mtoto alipoletwa kwa mara ya kwanza kuandikishwa darasa la kwanza. Kilichofuata ni mojawapo ya mifano mizuri niijuayo ya watu wa mji mmoja kushirikiana na wafadhili na walimu kwa ajili ya siha na matumaini ya watoto wao, na kwa kuwa habari zake zimeenea zaidi katika vitabu vya wataalamu wa nchi za mbali kuliko katika mabaraza yetu, naona ni haki kuzisimulia hapa kwa lugha yetu.

Lazima kwanza nieleze chuo. Katika pwani yetu, tangu zama za mababu, mtoto hupelekwa chuoni angali mdogo, aghalabu akiwa wa miaka minne au mitano, akaketi mkekani pamoja na wenziwe mbele ya maalimu, akaanza kuzisoma herufi za Kiarabu, akapanda kidogo kidogo hadi kwenye sura fupi za Juzuu Amma, na pamoja na hayo akafundwa adabu za kusalimu, kula, kutawadha na kumstahi mkubwa. Mzazi aliyempeleka mwanawe huko alikuwa na yakini kwamba amemweka mahali pa amani, na yakini ya namna hiyo ni rasilimali isiyonunulika kwa fedha za serikali yoyote. Lakini shule za msingi zenye sifa mjini zilikuwa na desturi ya kuwasaili watoto kabla ya kuwapokea: mtoto alitakiwa ataje rangi, ahesabu vitu vilivyowekwa mezani, aeleze anachokiona katika picha, ashike kalamu ya risasi na kuchora duara, na pengine ajibu neno moja au mawili kwa Kiingereza. Mtoto aliyepitia nasari alikuwa ameyazoea hayo yote katika michezo yake. Mtoto wa chuoni, ambaye huenda alikuwa amehifadhi kwa moyo kurasa ambazo mtu mzima angetokwa jasho kuzihifadhi, alisimama mbele ya mwalimu mgeni akainamisha kichwa, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ni ujinga.

Mtu angeuliza, kwa nini basi asipelekwe nasari? Nasari zilizokuwapo ama zilidai ada isiyolipika kwa mchukuzi wa bandarini au mama muuza mihogo, ama zilikuwa chini ya makanisa, na wazazi wengi walichelea kwamba mtoto atakayeanza kufumbua macho yake humo atajifunza kuhesabu lakini atasahau kwao. Khofu hiyo haikuzuka siku hizo. Ilikuwa na umri mkubwa katika pwani, na walikuwapo watu wakubwa walioshindana nayo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alitoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na katika zote mbili aliwahimiza Waislamu wenzake wazitafute elimu za kisasa bila ya kuiacha dini yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikajengwa Mombasa taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa mali za Aga Khan wa wakati ule, za Sultani wa Zanzibar na za wafadhili wengine, ili vijana wafundishwe ufundi, na taasisi hiyo ndiyo iliyokua hata ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa cha leo. Hizo zilikuwa juhudi tukufu. Hata hivyo zilimwendea kijana aliyekwisha kubaleghe, ilhali mdogo wake wa miaka mitano aliachwa palepale mlangoni.

Mwaka 1982 viongozi wa jumuiya za Kiislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan, Karim al-Husseini, awasaidie kutafuta njia ya kuwainua watoto wao katika elimu. Inafaa msomaji azingatie uzito wa ombi hilo. Waislamu wengi wa Mombasa ni Masunni wa madhehebu ya Imamu Shafii, na Aga Khan alikuwa Imamu wa Maismailia, na katika miji mingi ya dunia hitilafu ya madhehebu imetosha kuwafanya watu wa kibla kimoja wasitazamane usoni. Hapa waombaji hawakuona haya kuomba, na aliyeombwa hakutaka watoto wageuzwe madhehebu ndipo wasaidiwe. Mimi nahesabu kwamba hatua hiyo ya kwanza, ambayo haikugharimu hata senti moja, ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote zilizofuata.

Uchunguzi ukafanywa, mashauri yakapita, na mwaka 1986 kazi ikaanza Mombasa chini ya Wakfu wa Aga Khan, akikabidhiwa kuiongoza mwalimu mzoefu, Bi Swafiya Said. Uteuzi huo ulikuwa na busara kubwa, kwa maana Bi Swafiya alikuwa mtu wa watu wale wale, mwenye kuijua shule na kuijua dini, awezaye kuketi na maimamu pamoja na wazee wakamsikiliza, kisha akaingia ndani akaketi na kina mama wakamfungulia nyoyo zao. Mpango wenyewe ukapewa jina la Madrasa, na jina hilo lilikuwa ahadi tosha kwa mzazi: mtoto hataondolewa chuoni, bali chuo kitaongezewa mlango wa pili. Asubuhi, wakati ambapo nyumba nyingi za vyuo hukaa tupu kwa sababu watoto wakubwa wako shuleni, chumba kile kile kitakuwa nasari, na humo mtoto atasoma dini yake na elimu ya dunia pamoja.

Sasa nifike kwenye mapatano yenyewe, kwa kuwa ndani yake ndimo ulimo ufundi wote wa jambo hili, nami naomba radhi nikikaa hapo kidogo. Kituo cha Madrasa, yaani ofisi iliyouendesha mpango huo, hakikwenda mtaani kujenga shule na kuwakabidhi watu ufunguo. Mtaa uliotaka nasari ulitakiwa kwanza ukutane na kushauriana, wanaume kwa wanawake, mpaka ijulikane kwamba haja ni ya wengi, wala si ya mtu mmoja mwenye sauti kubwa. Kisha uchague kamati ya shule, na katika kamati hiyo wanawake wawe na viti vyao. Kisha utoe chumba, ama cha chuo kilichopo ama kingine kitakachokarabatiwa kwa nguvu za wenyeji. Kisha uwatafute miongoni mwa mabinti zake wale watakaokuwa walimu. Na mwisho ukubali kubeba mishahara ya walimu hao kutoka katika ada za wazazi. Kituo nacho kwa upande wake kiliahidi kuwafundisha walimu kazi yao, kuifundisha kamati kuweka daftari la fedha na kuendesha mikutano, kusaidia vifaa vya kuanzia, na kuwatembelea mara kwa mara kwa muda wa miaka miwili hivi, mpaka shule isimame kwa miguu yake. Yote hayo yaliandikwa katika mkataba na kutiwa sahihi na pande mbili.

Wapo watakaosema kwamba ni ukatili kumtaka maskini achangie kabla ya kusaidiwa. Nimelipima neno hilo na sikuliona kuwa sahihi. Mtu aliyetoa chumba chake, au siku zake tatu za kupaka chokaa, au binti yake aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani bila shughuli, hawezi tena kuiita shule ile shule ya wafadhili. Ataiulizia. Ataingia kwenye mkutano na kutaka kujua fedha za mwezi uliopita zilikwenda wapi. Tena katika kamati hizo wanawake ambao hawakuwahi kusimama mbele ya hadhara yoyote walijifunza kusoma hesabu za mapato na matumizi kwa sauti mbele ya waume zao na wazee wao, na hilo peke yake, hata lau lisingepatikana lingine, lingekuwa faida kubwa kwa mji.

Mtu akiingia asubuhi katika nasari ya namna hii, atakuta kwanza watoto wameketi duara mkekani, wanasoma dua ya kufungua siku, na mwalimu ameketi nao chini, si mbele yao juu ya kiti. Dua ikiisha, mwalimu humgeukia mtoto mmoja mmoja na kumwuliza leo anataka kufanya kazi wapi na atafanya nini. Mmoja atasema anakwenda kupika pilau. Basi ataondoka aende pembe ya nyumbani, ambako kuna kibao cha mbuzi kidogo, vifuu vya nazi vilivyolainishwa, kata, ungo, kawa la ukili na mwanasesere wa vitambaa aliyefungwa ubeleko wa kipande cha kanga. Atauliza wenziwe wako wangapi ili ajue apakue sahani ngapi, na hapo, bila ya yeye kujua, amekwisha kuingia katika hisabu. Mwingine atakwenda kwenye vipande vya mbao, masazo ya seremala wa mtaani yaliyopigwa msasa ili yasimchome mtoto kidole, akajenga kivuko cha Likoni na kupakia juu yake magari ya vifuniko vya soda. Mwingine ataketi na makombe ya pwani, akiyapanga kutoka dogo hadi kubwa. Vifaa hivi karibu vyote ni vya bure, vimeokotwa na kutengenezwa na walimu na wazazi wenyewe, na uzuri wake ni kwamba mtoto anavijua: kibao cha mbuzi amekiona kwa mama yake, naye hahitaji kufundishwa kwanza jina la tufaha ambalo hajapata kulila.

Muda wa kazi ukiisha, watoto hurudisha kila kitu mahali pake, wakakusanyika tena, na kila mmoja akaeleza alichokifanya. Yule mpishi wa pilau atasema kwamba wali uliungua kwa sababu mtoto alikuwa akilia, na mwalimu atamwuliza alifanya nini wali ulipoungua. Naomba msomaji akumbuke yule mtoto aliyeinamisha kichwa mbele ya mwalimu mgeni. Anayezoezwa kila siku kupanga jambo kabla ya kulitenda, kulitenda kama alivyolipanga, kisha kulisimulia mbele ya watu, huyo kwenye usaili wa darasa la kwanza atakuwa na la kusema.

Utaratibu huo wa kupanga, kutenda na kueleza haukuzaliwa pwani. Ulitoka katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, ambako tangu mwaka 1962 watoto weusi wa familia za kimaskini walifundishwa katika nasari ya Perry kwa njia ambayo baadaye iliitwa HighScope. Watafiti waliwafuata watoto 123, waliopata nasari na wasioipata, hata walipofika umri wa miaka 40, wakaona kwamba waliosoma nasari walipata kipato bora na kukamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao. Walimu wa Mombasa hawakuichukua njia hiyo nzima nzima. Waliikata kwa kipimo cha kwao: wakaingiza sura na hadithi za Mtume katika ratiba ya siku, wakaifanya lugha ya nyumbani kuwa lugha ya darasa, na kila somo la dunia wakalitafutia nasaba yake katika mafunzo ya dini, kama vile usafi wa mikono na udhu, hisabu na zaka, kilimo na neema za Muumba. Kwa njia hiyo ile khofu ya zamani, kwamba elimu moja humfukuza mwenzake, ilijibiwa bila ya hotuba. Mzazi alimsikia mwanawe nyumbani akisoma Alhamdu, kisha akihesabu vijiko.

Habari za mafanikio zikavuka maji. Mwaka 1990 mpango ukaanza Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Uganda, na nasari zilizozaliwa kwa njia hii katika nchi hizo tatu zikapita 200. Watafiti wakaja kupima kama sifa zinazosemwa ni za kweli, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 na Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg yalionyesha kwamba watoto waliohudhuria nasari yoyote walikua kiakili zaidi kuliko waliobaki nyumbani, na kwamba waliohudhuria nasari za Madrasa waliwapita hata wenzao wa nasari nyingine. Mimi husoma taarifa za namna hii kwa hadhari, kwa kuwa si kila kinachopimwa kwa mtoto ndicho kilicho bora ndani yake, lakini pia sioni sababu ya kuzificha.

Jambo lisiloingia kwa wepesi katika vipimo ni mabadiliko ya walimu. Aghalabu walikuwa wasichana na wanawake wa mtaa uleule, wengine wameacha shule mapema, wengine wameolewa na wana watoto wao mgongoni. Walipewa mafunzo ya kazi, wakafundishwa kumtazama mtoto na kuandika walichokiona, kutengeneza vifaa, na kuzungumza na wazazi juu ya chanjo, chakula na usafi. Binti aliyekuwa akiitwa mtaani kwa jina la baba yake akaanza kuitwa mwalimu. Msichana mdogo aliyeketi mkekani akamtazama, akapata kujua kwamba mwanamke wa buibui, wa mtaa wao, mwenye kusema kwa lafudhi yao, anaweza kuwa mtu wa elimu. Na nadhani hapo ndipo matumaini ya mji yanapoanzia, katika kumwona mtu mwenye sura kama yako akifanya kazi ambayo hukujua kuwa inakuhusu.

Lakini kwa mwalimu huyo huyo ndipo penye kidonda. Mshahara wake hutoka katika ada za wazazi, na ada za wazazi hupanda na kushuka pamoja na biashara, watalii na mvua. Mwezi mbaya ukija, kamati hulipa nusu, au huomba subira, na mwalimu mwenye subira ana watoto wa kulisha vilevile. Wasimamizi wa mpango waliliona jambo hilo mapema. Katikati ya miaka ya 1990 wakabuni akiba ya kudumu: mtaa ulikusanya fedha, Wakfu wa Aga Khan ukaongeza juu yake, jumla ikawekezwa pamoja na za mitaa mingine, na faida yake ikarudishwa shuleni kusaidia gharama. Ni fikra njema, na shule nyingi zimenufaika nayo, ijapokuwa faida hiyo ni ndogo mbele ya haja. Kisha mwaka 2003 serikali ya Kenya ikafuta ada katika shule za msingi, jambo la kheri lisilopingika, lakini lilikuwa na matokeo ambayo wachache waliyatazamia: baadhi ya wazazi, kwa kuona kwamba darasa la kwanza ni bure na nasari ni ya kulipia, waliona heri kumbakiza mtoto nyumbani mpaka umri wa darasa la kwanza ufike. Walimu waliofunzwa vizuri nao wakawa wanatafutwa na shule za watu binafsi zenye mishahara minono, wakaondoka, na kamati ikalazimika kuanza upya na binti mwingine.

Serikali zimeanza kushika sehemu yao. Zanzibar, katika sera yake ya elimu ya mwaka 2006, iliiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya msingi ya lazima. Na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaikabidhi elimu ya awali mikononi mwa kaunti. Hayo ni maendeleo ya haki, nami sitaki mtu yeyote adhani kwamba juhudi za mtaa zinaifutia serikali wajibu wake. Hata hivyo, sera huandikwa kwa siku chache na mwalimu hula kila siku, na nasari za mitaani ambazo si za serikali bado zimesimama juu ya mabega ya wazazi na ya wanawake wanaofundisha kwa ujira ambao mpagazi wa bandarini asingeukubali.

Watu wa pwani hatuna upungufu wa desturi ya kutoa. Wakfu ni mila yetu ya karne nyingi: mababu walitenga minazi, maduka na nyumba, kodi zake zikafukie makaburi, ziwashe taa za misikiti, zichimbe visima, zilishe wageni. Kamisheni za wakfu ziko Mombasa na Zanzibar mpaka leo, na sheria hazimkatazi mtu kuiweka mali yake kwa ajili ya elimu. Ninachokiomba ni kidogo. Mwenye duka ambaye amekwisha kujenga msikiti asijenge wa pili mita mia kutoka ule wa kwanza. Mwenye nyumba ya kupangisha anayeandika wasia wake mwaka huu, na mwanetu aliyeko Muscat, London au Toronto anayeuliza afanye nini kwa ajili ya kwao, na watie katika hati zao jina la nasari moja ya mtaa wanaoujua, na waandike wazi kwamba kodi au mchango huo ni mshahara wa mwalimu, ulipwe kila mwisho wa mwezi.